Jino la Pili la Helen

KITUO CHA POLISI KAKUMA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kung'olewa kwa meno ya Helen Ereng, msichana wa miaka 17, na ghasia zilizofuata kambini

Jina: Akiru Ereng
Umri: miaka 41 kwa mujibu wa kitambulisho
Kazi: mpishi na mwosha vyombo katika hoteli ya chakula, Kakuma Moja, kambi ya wakimbizi
Makao: Kakuma mjini, ng'ambo ya mto Tarach
Tarehe: 28 Septemba 2012, saa nane mchana
Lugha: Kiswahili. Shahidi amesema hahitaji mkalimani, na ameomba yaandikwe jinsi anavyoyasema.

Mimi ni mtu mzima na akili zangu ni timamu. Shemeji yangu Ekai, ndugu wa marehemu mume wangu, amenisindikiza hadi langoni pamoja na wazee wawili, na sasa wako nje kwenye kivuli cha gari lenu wananingoja. Wamenipa maneno ya kusema. Wanataka niseme kwamba Biar, yule kinyozi mkimbizi mliyemfungia humu ndani, alimkamata mtoto wangu nikiwa kazini akamng'oa meno kwa nguvu. Nimekuambia tangu nilipoketi, afande, kwamba hayo sitayasema. Basi andika polepole, kwa sababu nikianza sitarudia.

Helen ni binti yangu. Yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Mnamo mwezi wa nane alikuja likizo ameshika shavu la kulia. Gego la chini, la nyuma kabisa, lilikuwa limetoboka, na shuleni walikuwa wanampa Panadol na kumwambia avumilie. Nikamsukutulisha maji ya chumvi, nikamkatia kijiti cha mti wa esekon apige mswaki kama tulivyolelewa sisi. Likatulia, kisha likaamka.

Mwezi huu wa tisa walimu waligoma, madaktari nao wakagoma, gego la Helen peke yake ndilo lililokwenda kazini. Mnamo tarehe 21, siku ya Ijumaa, shavu lilivimba hadi jicho likawa kama mshono. Jioni hiyo nilikwenda kwa Ekai. Ana mbuzi, hilo si siri hapa Kakuma. Nikamwomba auze mmoja nimpeleke mtoto kwa daktari wa meno. Akasema, "Mbuzi hauzwi kwa sababu ya jino. Jino huuma, kisha huacha." Sikubishana naye, mjane habishani na mwenye mbuzi.

Jumapili tarehe 23 asubuhi taya likafunga. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha ukucha, ukilazimisha zaidi anatoa machozi bila sauti. Uji nilioutia kwa kijiko ulimwagikia kifuani wote. Maji pia. Siku hiyo hakumeza kitu, na joto la mwili wake ungeweza kulisikia ukiwa umesimama kando.

Mnamo tarehe 24, Jumatatu, Rahmo alinipa nauli. Rahmo ndiye mwenye hoteli ninayofanyia kazi, ni Msomali, na alinipa bila kuniambia nitarudisha lini. Tulipanda lori lililoshusha mahindi kambini na lilikuwa linarudi tupu. Tukafika Lodwar kama saa nne. Kwenye hospitali, mlinzi wa lango alituambia madaktari wako mgomoni, wanaoingia ni waliopigwa risasi na wanaojifungua. Nikamwonyesha shavu la Helen. Akalitazama vizuri, si mtu mbaya, akasema, "Pole sana mama, lakini jino si dharura." Ndiye aliyetuelekeza kwenye kliniki ya meno ya kibinafsi.

Pale kuna dirisha dogo lenye kioo, na kijana karani nyuma yake. Akaniuliza kama nina bima. Nikamuuliza bima ni nini, akasema ni kadi. Nikampa kadi ya kliniki ya Helen ya utotoni, ndiyo kadi niliyokuwa nayo. Akairudisha polepole kwa adabu. Akasema kupigwa picha, kupasua usaha na kung'oa gego ni elfu kumi na nne, na kazi haianzi kabla nusu haijalipwa. Mimi kwa siku hulipwa mia moja na hamsini. Nikamwambia, "Basi acha jino. Nipe neno tu. Mtoto hajala tangu jana, taya limefunga, niambie nitampitishia wapi maziwa." Akasema, "Hayo ataeleza daktari, mama. Kumwona daktari ni elfu moja mia tano." Daktari mwenyewe nilimwona kupitia mlango, amekaa anakunywa chai, hakuwa na mgonjwa. Nilikuwa na mia saba na nauli ya kurudi ilikuwa humo humo.

Tulikaa kwenye veranda yao hadi yule kijana alipotuomba tuwapishe wateja. Tukarudi Kakuma. Helen alilala mapajani mwangu njia nzima, mate yakimtoka yenye harufu ya mzoga. Nilijua nimembeba mtu anayekwenda.

Sasa hapa nataka uelewe kitu, kwa sababu wewe si wa huku. Nitazame mdomoni. Chini, mbele, sina meno mawili. Andika kwamba nimekuonyesha. Sisi Waturkana tuling'olewa hayo utotoni, mimi niling'olewa na bibi mmoja kule Kaikor, na wengine watakuambia ni urembo. Ni urembo, ndiyo. Lakini wazee wetu walisema pia kwamba ugonjwa wa kufunga taya ukija, maziwa yatapita hapo. Pengo ni mlango wa kumlishia mgonjwa. Helen hakung'olewa. Baba yake na walimu walisema mtoto wa shule abaki na meno yake, na mimi nilikubali, nikawa najivunia kabisa. Akicheka utadhani mtu amefungua dirisha. Basi Jumatatu ile kwenye lori nilimtazama mtoto mwenye meno yote mazuri anakufa njaa nyuma ya meno hayo.

Bibi wa hapa Kakuma aliyekuwa akifanya kazi hiyo alihama na mbuzi wake kwenda upande wa Lorugum. Nikamkumbuka Biar. Biar ni mzee wa Kidinka kutoka Bor, Sudan Kusini, na kibanda chake cha kunyolea kiko nyuma ya jiko la Rahmo. Kwao pia hung'oa meno ya chini, wao hata zaidi yetu. Kila asubuhi hunisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Akiru," na mimi humjibu. Alishaniambia zamani kwamba nyumbani alikuwa akiwang'oa watoto, na alipofika kambini akaacha kwa sababu ya kanisa na mashirika.

Mnamo tarehe 25, Jumanne, kama saa tisa mchana, nilimleta Helen hotelini. Nikamwambia Biar ninachotaka. Akakataa. Akasema, "La, Akiru. Mimi aliacha hiyo kazi. Hii mtoto ya shule, na mimi ni mkimbizi. Polisi itasema nini?" Nikamwambia polisi atakuja kumzika, siyo kumlisha. Akakataa tena, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kunyolea akanipa mgongo. Nikamfuata. Nikamlaza Helen pale chini miguuni pake nikamwambia, "Basi mnyoe nywele, ndivyo mnavyowafanyia maiti kwenu?" Maneno mabaya, najua. Nilitaka yamuume na yalimuuma.

Akainuka. Alichukua chuma chembamba cha kushonea viatu, akakisugua, na Rahmo akakichemsha kwenye sufuria ya chai. Pesa hakutaka, hata soda hakutaka. Umeniuliza kama Helen alikubali. Sikumuuliza. Ningemuuliza angekataa. Nilimweka kichwa mapajani, nikamshika mikono, na Rahmo akamshika miguu huku ameangalia ukutani akisoma dua zake.

Biar aling'oa jino la kwanza. Alilifanya haraka na kwa ustadi, damu ikawa kidogo. Tukajaribu kupitisha mrija wa soda. Haukupita, nafasi ilikuwa nyembamba na ulimi ulikuwa umevimba nyuma yake. Biar akainama tena kwa jino la pili. Hapo Helen akamtazama. Hakulia, alimtazama tu, na chuma cha Biar kikateleza kikagonga meno ya juu. Akakiweka chini. Akasema, "Khalas. Hii ni kama binti yangu. Siwezi." Akatoka nje, akaenda kando ya jiko kunawa damu mikononi.

Afande, andika hii vizuri. Jino la pili nililing'oa mimi.

Nilimpa Rahmo ile mikono aishike. Nilikumbuka jinsi bibi wa Kaikor alivyonifanyia, alivyochimba kando ya fizi kwanza kisha akasukuma kuelekea nje, bila kuvuta. Mimi si mtaalamu. Biar alichukua muda mfupi, mimi nilichukua muda ambao sitaki kuulizwa. Helen alifumba macho mwanzo hadi mwisho, na lilipotoka aliyafumbua akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana.

Kisha tukampa maziwa ya ngamia yaliyochanganywa na maji na sukari. Yakapita. Nilisikia anameza. Kama hujawahi kukaa siku mbili ukingoja mtu ameze, sina namna ya kukueleza. Alimaliza kikombe na nusu. Biar alikuwa amesimama mlangoni, akasema kitu kwa Kidinka, akaenda zake.

Jumatano tarehe 26, saa tatu asubuhi, Ekai alikuja nyumbani. Aliona pengo na damu iliyokauka kwenye leso. Akauliza nani amefanya hivi. Alikuwa ameshika fimbo, na sauti yake naijua. Nikasema, "Biar." Nilisema jina moja tu. Kulikuwa na jina la pili na nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Hilo jina moja ndilo lililofanya yote yaliyotokea mchana.

Saa tisa zilifika pikapu mbili zimejaa vijana. Ekai alizikodi. Zikavuka mto zikaingia kambini, na wewe mwenyewe ulikuwepo, unajua kuliko mimi. Kibanda kilivunjwa, kioo kikavunjwa, kile kiti kikachomwa, na Biar akapigwa jiwe kichwani kabla hamjafyatua risasi hewani na kumleta hapa. Rahmo amefunga hoteli, hajui kama kesho ni yeye. Kitu kinachonikaa kooni ni hizo pikapu. Ijumaa hapakuwa na mbuzi mmoja wa jino. Jumatano kulikuwa na mafuta ya magari mawili.

Jana tarehe 27, Alhamisi, gari lenu lilitupeleka Lodwar mimi na Helen, ili daktari ajaze ile fomu yenu ya P3 ya mtu aliyeumizwa. Lango lilikuwa lile lile na mlinzi yule yule. Safari hii alifungua, kwa sababu tulikuja na polisi. Madaktari wengine walikuwa bado mgomoni, mkuu wao peke yake ndiye aliyekuwa kazini. Alipomfungua Helen mdomo ili aandike habari za meno mawili, akaona lile gego. Akasema, "Hili lingemuua." Akapasua pale pale, usaha ukajaa kibakuli, akamchoma sindano na kumpa dawa za kurudi nazo. Hakuna aliyetaja pesa. Mtoto wangu alitibiwa kwa sababu amekuwa kesi.

Baadaye daktari aliniuliza kwa nini meno mazima yaling'olewa. Nikamweleza. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Akasema haikuhitajika. Akasema ukivuta shavu pembeni, nyuma ya jino la mwisho kuna nafasi, hata taya likiwa limefunga kabisa. Unatumia bomba la sindano bila sindano, unamimina kidogo kidogo, maziwa yanapita. Akachukua kidole changu akakiingiza ndani ya shavu langu mwenyewe, akaniambia niume meno. Nikauma. Nafasi iko. Imekuwepo siku zote, mdomoni mwa kila mtu, yangu, yako, na ya yule karani wa dirishani.

Neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Daktari alilisema bure akiwa ananawa mikono. Wazee wetu hawakulijua, mimi sikulijua, Biar hakulijua, na waliolijua waliliweka ndani ya elfu moja mia tano.

Jioni mdomo wa Helen ukafunguka kiasi cha vidole viwili. Kitu cha kwanza alichosema hakuniambia mimi. Alimuuliza daktari, "Yatamea?" Daktari akasema meno ya utu uzima yaking'oka hayamei tena, lakini ya bandia hutengenezwa Eldoret, na akataja bei. Bei sikuisikia. Nilikuwa bado nimeweka kidole shavuni. Rahmo, ambaye aliishi Mombasa, ana msemo wa watu wa pwani kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Zamani nilikuwa nikiusikia jikoni nacheka.

Tangu jana Helen hajaniambia neno. Anafunika mdomo kwa leso hata akiwa amelala. Chakula anakula, dawa anakunywa, na mimi anapita kando yangu kama anayepita nguzo ya nyumba. Nina hasira, afande. Nina hasira na dirisha, na mgomo, na mbuzi wa Ekai, na mkono wangu huu. Sijui nianze na ipi.

Nimesikia kwamba Biar amekuandikisha kuwa meno yote mawili aling'oa yeye. Ni uongo. Ni uongo wa mtu mwema lakini ni uongo. Alifanya hivyo kwa sababu anajua wa kwetu wakisikia ni mimi watanifukuza kwenye boma, na yeye anaona ameshapoteza kila kitu. Ekai naye huko nje ameshahesabu ng'ombe wa fidia atakaowadai Wadinka wa kambini. Nikitoka na maneno haya, ng'ombe hao hawapo, na fimbo yake itatafuta pengine pa kuangukia. Hilo nalijua. Umenionya mara mbili kwamba nikiendelea naweza kugeuka kutoka shahidi kuwa mshtakiwa. Nilisikia mara ya kwanza.

Kama ni kosa, meno ni mawili na watu ni wawili. La kwanza Biar aling'oa kwa kuombwa na mimi, nikimtukana. La pili ni langu mwenyewe. Msimfunge mzee kwa jino ambalo hakuligusa.

Sina zaidi. Haya yametoka kinywani mwangu bila kutishwa na bila kuahidiwa kitu, nimesomewa neno kwa neno, na ni yangu.

(Alama ya dole gumba la kushoto)
AKIRU ERENG

MAELEZO YA AFISA ALIYEREKODI

Nimethibitisha kwa macho kwamba shahidi hana meno mawili ya mbele, taya la chini. Nimemsomea maelezo haya kwa Kiswahili. Aliomba nisome tena sehemu ya jino la pili, kisha akatia kidole.

Nimekwenda mlangoni mwa seli nikamweleza mshukiwa Biar kwamba shahidi anasema jino moja si lake. Amejibu: "Andika mbili. Zote ya mimi." Nilipompa Akiru jibu hilo, alikaa kwenye benchi la mapokezi na amekataa kuondoka hadi mzee huyo atoke. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kwa maagizo.

Saa kumi na moja jioni Helen Ereng amefika kituoni peke yake kwa miguu, mdomo umefunikwa kwa leso, akiwa na chupa ya maziwa. Nilimuuliza ni ya nani. Alisema nusu ni ya mama yake na nusu ni ya mzee aliye ndani. Nilimweleza kanuni ya kituo, kwamba anayeleta chakula cha mahabusu lazima akionje kwanza mbele ya afisa. Ekai na wale wazee walikuwa wamesimama mlangoni wakati huo, na mama yake alikuwa kwenye benchi.

Kisha aliondoa leso, akanywa mbele yetu sote.

Konstebo wa zamu, Kakuma